Jina la Mkunga

Pale Tangini, Kibaha, fundi cherehani wa jirani na msikiti wote walimjua kwa jina la Samira. Jina lake hasa ni Siwema. Alizaliwa nalo Kisarawe, lakini alipohamia Kibaha akiwa msichana wenzake walilicheka, naye akalivua kama kanga iliyopauka.

Mwaka huu mwanawe Latifu alipata mtoto wa kwanza, wa kike. Siku ya akika nyumba ilijaa. Mama yake Siwema, Bi Hajira, alitoka Kisarawe na kikapu cha mihogo na nazi. Kabla ya dua, Kudra, mke wa Latifu, akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, tumeafikiana mtoto tumwite Siwema, jina lako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Siwema akahisi uso unawaka. Wateja wake walikuwa hapo hapo, wanatazamana: Siwema ndiye nani?

"Hee, mwanangu, usinifanyie hivyo!" Akacheka kwa sauti. "Jina la kishamba hilo, la wakati wa mkoloni! Kwetu zamani ukiita Siwema kisimani wanageuka wanne, maana watu hawakuwa na majina. Mtoto atachekwa shuleni. Mwiteni Nasrini."

Watu wakaangua kicheko. Kudra akainamisha macho. Shehe akatajiwa jina la Nasrini, akalisomea dua, likapita.

Bi Hajira hakucheka. Chakula kilipokwisha tu, akajitanda ushungi wake.

"Mama, mbona mapema? Si ulisema unalala?"

"Nimekumbuka kuku wangu."

Kuku mwenyewe hakuwa naye hata mmoja, na Siwema alilijua hilo. Jumapili iliyofuata akafunga kibanda chake cha cherehani, akaenda Kisarawe. Alimkuta mama yake anapalilia mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Jembe halikusimama.

"Nimekuja kuomba radhi. Nimelidharau jina ulilonipa."

Hapo Bi Hajira akanyanyuka. "Siwema alikuwa mkunga wetu. Mvua imekata njia, wewe umetanguliza miguu, mimi nishakata tamaa. Mama yule kahangaika na mimi mpaka kakutoa mzima. Yeye mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto. Nikamwambia, huyu ndiye wewe. Akalia. Na wenzangu aliowazalisha wakafanya vile vile. Ndiyo maana mlikuwa wengi kisimani. Majina tulikuwa nayo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza lini?"

Siwema akalichukua jembe mkononi mwa mama yake, akapalilia mpaka mwisho wa shamba bila kuinua uso.

Aliporudi Kibaha alipitia kwa Kudra, akamweleza yote. "Mwanangu, hatuwezi kulibadilisha?"

"Jina limeshasomewa dua mbele ya watu, mama, na cheti kimetoka." Kudra alikuwa anamnyonyesha mtoto. "Mimi nilitaka kukuheshimu. Ukanifanya kichekesho."

Aliyasema polepole, bila hasira. Heri angefoka.

Siku hizi mteja mgeni akimwuliza jina, hujibu, "Siwema." Wengine hutabasamu, wengine humwuliza kama anatania. Yeye huinamia cherehani yake, macho kwenye uzi, akangoja waseme wanataka mshono gani.