Mama Mkwe Aliyekula Chakula cha Chuo Ujerumani

Pamela alikuwa na hoteli yake pale Ndhiwa karibu na soko, ya mabati, meza nne tu, na hakuna mtu aliyewahi kutoka pale na njaa. Sasa we niambie: mwanamke anayelisha soko zima, ndiye huyo karibu afe njaa Ujerumani.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na sita. Binti yake Liz alikuwa amejifungua kwa upasuaji huko, ambako mumewe, Otieno, alikuwa akisomea uhandisi chuo kikuu. Wakamtumia Pamela tikiti aje amsaidie mpaka apone. Alipofika akakuta wanaishi chumba kimoja: kitanda hapa, jiko pale, meza katikati. Kulala alipewa kwa mama mmoja wa kanisa, jirani, hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa sahani. Kwao mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake, wala mezani pake, ni aibu kubwa. Na katika chumba kimoja utajificha wapi?

Siku ya kwanza alisema ameshiba chakula cha ndege. Ya pili akasingizia tumbo. Otieno naye siku hizo alikuwa nyumbani tu, amepewa ruhusa chuoni kwa ajili ya mtoto. Wakati wa kula aliwapa mgongo, akatazama dirisha, huku akisikia kijiko kikigonga sahani na mate yakimjaa mdomoni. Jirani naye alidhani ameshakula kwa binti yake, akampa chai ya majani asiyoyajua, basi. Kimoyomoyo Pamela alimlaumu Otieno. Kijana wa Sindo, aliyelelewa na watu wenye adabu, miaka minne tu ya Ulaya na tayari anakula mbele ya mkwe bila haya!

Siku ya tatu Pamela alipepesuka kwa njaa akiwa amembeba mjukuu. Liz alimnyakua mtoto kwa shida, mkono mmoja kwenye kidonda.

"Mama, usipokula itabidi urudi nyumbani," alisema huku analia. "Nami bado siwezi hata kuinama. Nitabaki na nani?"

 Kumwacha mtoto wake katika hali ile, Pamela hata kufikiria hakutaka.

Otieno, aliyekuwa mlangoni, aliongea akitazama viatu vyake. "Mama, pale chuoni kuna ukumbi wa chakula. Hata mgeni anakula. Analipa zaidi kidogo kuliko mwanafunzi, lakini bado ni rahisi kuliko mjini."

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ya serikali."

Pamela alishusha pumzi. Serikali haikuwa imeoa kwake.

Wakaenda, Otieno hatua kumi mbele. Ukumbi ulijaa watu kama siku ya soko, kila mtu na sinia lake, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Pamela alionyesha kwa kidole: viazi, kabichi, kipande cha nyama, supu. Akafungua kiganja chenye sarafu, mwanamke wa malipo akachukua za bei ya mgeni. Otieno alikwenda kukaa mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Basi mama akala. Viazi havikuwa na chumvi, kwake Ndhiwa vingerudishwa jikoni, lakini alivila vyote mpaka machozi yakamlengalenga kwa raha.

Alipoinua uso kwa bahati mbaya, alimwona Otieno akitoka kuchukua sinia la pili. Limejaa mpaka juu, na alikuwa ameshaanza kutafuna kabla hajafika kiti. Mtu aliyekula jana hali hivyo. Pamela aliweka uma chini. Kumbe kijiko alichokuwa akikisikia ni cha Liz peke yake, na siku zote tatu kijana wa watu alikuwa amempa mgongo vilevile, anatazama ukuta wake. Aibu ilimshika Pamela, halafu furaha ikamzidi. Binti yake alikuwa ameolewa mahali pazuri.

Walirudi vilevile, kijana mbele, mama nyuma. Walipokaribia nyumbani Pamela alimwita kwa jina la heshima wanalomwita mkwe.

"Ora, kesho tusichelewe. Twende wakifungua tu mlango."

Otieno hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.