Saluki wa Mabela

Ijumaa iliyopita, saa kumi alasiri, ungelipita katika kituo kimoja cha petroli kwenye barabara ya Quriyat ungelimwona mwanamke wa makamo, mwenye shahada mbili na abaya ya heshima, akizunguka na mkono wa kulia ameunyoosha mbali na mwili kana kwamba si wake, ameazimwa. Huyo ni mimi. Nilikuwa natafuta udongo. Konzi moja tu ingenitosha. Mbwa wa binti yangu alikuwa amenilamba kuanzia vidole mpaka kifundo, kwa mapenzi yote aliyojaaliwa, na mimi nilitaka kuuosha mkono kama nilivyofundishwa: mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Maji yalikuwepo msalani. Udongo haukuwepo. Kituo kizima kimesakafiwa, na bustani yake ni ya kokoto nyeupe na majani ya plastiki. Nchi ya majabali na vumbi, vumbi linaloingia mpaka kwenye kabati la vikombe, nami nimekosa konzi moja ya udongo safi!

"Mama, sabuni ipo," binti yangu aliniita kutoka kwenye ngazi ya karavani. "Na mie nnaondoka Jumatatu. Njoo ukae."

Hilo la Jumatatu ndilo lililokuwa likinichoma. Alikuwa anakwenda kusoma ng'ambo, miaka miwili, na kabla ya kwenda aliniomba kitu kimoja tu: tukalale nje sote watatu, yeye, mimi na Halwa, kama nilivyokuwa nikienda mimi utotoni. Halwa ndiye mbwa. Bila Halwa hendi. Nilikuwa nimemsimulia safari hizo tangu mdogo, kwa madoido, na sasa madoido yangu yamekuja kunidai. Siku mbili nilizokuwa nazo, moja ilikuwa inaishia kwenye kituo cha petroli, baina ya mashine ya kujazia matairi upepo na mlango wa msala.

Kama ulikuwa Darsait, hapa Maskati, miaka ile, huna haja ya kusimuliwa Alhamisi zake. Wikendi ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, na msimu wa baridi ukiingia hakuna aliyekaa ndani. Baba alikuwa na pikapu ya rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai. Tukipakia mikeka, madumu ya maji, gunia la mkaa, sufuria lililofungwa kwa kanga ili kifuniko kisicheze, na kuku aliyelala usiku kucha kwenye ndimu na tangawizi. Bibi, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati na wanawe akiwa mtu mzima, alikaa mbele na birika la kahawa mapajani. Hakumwamini mtu mwengine kulishika. Sisi watoto tulikaa nyuma, pamoja na jirani na mbwa wake.

Jirani huyo alikuwa mtu wa kutoka ndani ya Oman, kwenye milima, fundi wa magari katika karakana ya mtaani kwetu. Hapa mjini hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya manjano ya haldi, mwenye sikio lililokatika. Baba hakuweza kumwacha mtu peke yake siku ya Alhamisi. Na jirani hakuweza kumwacha mbwa. Basi mbwa akaja. Sikumbuki hata mara moja mtu kuuliza kama anaruhusiwa. Wapi? Na nani? Tulikuwa tukienda mpaka njia inapokwisha, wadi, lile bonde la mto mkavu, inapofunguka na kuna kidimbwi cha maji na miti ya miba ya kukaa chini yake, baba akazima gari, na hapo pakawa kambi.

Lakini usije ukafikiri bibi alikuwa mlegevu. Kabla ya mkeka kutandikwa, alichukua fimbo akachora mstari mchangani. Huku watu, kule mbwa, na kule pawe upande usiotoka upepo, ili manyoya yasije kwenye chakula. Mbwa alikuwa na chombo chake, kopo la maziwa ya unga lililogongwa midomo lisimkate. Na chakula chake kilipakuliwa kwanza, kabla ya chetu sisi watoto, jambo lililotuudhi sana. Bibi alisema nyie mna midomo, mtanipigia kelele, huyu hawezi kunambia "bado sijapata."

Kazi zetu zilikuwa kuokota kuni na kusugua masufuria kwa mchanga mpaka yang'ae. Nikikumbuka nasikia ule mkwaruzo, na kengele za mbuzi wa watu juu majabalini, na nanusa mafuta ya kuku yakidondokea makaa. Siku moja, nikiwa na miaka saba au minane, nilivuka mstari na paja la kuku mkononi, na yule mbwa akanilamba mkono mzima. Nikauficha nyuma. Bibi alikuwa na macho ya kuona vilivyo nyuma ya watoto. Alinipeleka kidimbwini, maji baridi kama chuma, akaniosha akihesabu kwa sauti, na ile ya kwanza akanisugua kwa udongo mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mimi nikalia kwa hasira, na kwa mkono wa pili nikaokota jiwe nimpige mbwa. Bibi akaudaka mkono.

"Weye! Nnakuosha wewe, simtukani yeye. Mate yake ndiyo najisi. Yeye kakukosea nini?"

Nililiacha jiwe. Na sikuwahi kuelewa, mpaka wiki iliyopita, kwamba pale nilipewa elimu ambayo ingeniharibia maisha ya kutafuta kambi.

Maana nilitafuta, rafiki yangu. Ndugu yangu aliniazima karavani yake, nyumba nzima ya magurudumu yenye jiko na kitanda, akinionya nisikwaruze rangi. Nikadhani kazi kubwa imekwisha. Nikakaa na simu na daftari, kama mtu anayefanya utafiti, nikapiga kambi moja baada ya nyingine.

"Karibuni sana. Mna watoto?"

"Mmoja, ana miaka ishirini na mbili. Na mbwa mmoja."

"Mbwa, mbwa?"

Sijui alidhani kuna mwengine wa aina gani. Kambi ya pili ilitangaza kwamba wanyama wapo na wanakaribisha. Kumbe wanyama ni wa kwao, ngamia mmoja na mbuzi wawili wa kupigwa picha. Ya tatu ilikubali mbwa mradi aenee mkobani. Halwa haenei hata kwenye sofa. Ya nne, mwenyewe alisikia Kiarabu changu, akajua mimi ni mtu wa hapa, akanihurumia. "Dada," alinambia, "mbwa ni mambo ya Wazungu. Wewe wa nini?" Nikataka kumjibu, lakini jibu lenyewe lilianzia Darsait na lilikuwa na bibi ndani yake, na yeye alishakata.

Kufikia ya tano nilikuwa mtu mwengine. Meneja aliponiuliza ni mbwa gani, nilijibu bila kupepesa: "Saluki."

Sauti ilibadilika. "Saluki! Ahlan wa sahlan! Mleteni."

Hapa nikueleze, kama hukukaa na watu wa ndani ya Oman. Saluki ni mbwa wa kuwindia, mwenye nasaba inayojulikana mpaka kwa babu zake, na wapo wazee ambao ukimwita mbwa tu wanakuangalia vibaya. Huyo hulala kwenye zulia. Halwa hana nasaba. Binti yangu alimwokota nyuma ya mkahawa mmoja kule Mabela, akipigania mfupa na paka, na paka ndiye aliyekuwa akishinda. Ana miguu mifupi, mkia uliojikunja, na sikio moja tu linalosimama. Nilijiambia kwamba huenda zamani sana, kwa bahati mbaya, saluki mmoja alipita Mabela. Mimi huyu, mwalimu wa chuo kikuu ninayewapa wanafunzi sifuri kwa udanganyifu.

Kambi ilikuwa nzuri, siwezi kuinyima haki yake. Viwanja vya karavani vimepangwa, kila kimoja na umeme wake na bomba lake, na mbele majabali yakiwa mekundu kwa jua la mchana. Meneja hakuwepo. Alitupokea kijana wa Kikenya, mlinzi wa geti, mchangamfu, kofia kaigeuza nyuma.

"Karibu madam. Boss alisema mko na saluki. Ako wapi?"

Binti yangu alifungua mlango. Halwa akateremka, akapiga chafya.

"Huyu?"

"Huyu."

Akamzunguka pole pole. "Madam, mimi saluki nawajua. Hapa wanaletwa wakiwa warefu, wembamba, wanatembea ni kama wametoka saluni. Huyu nimemwona Mabela akikimbiza pikipiki ya chakula."

"Ni binamu yao," nikasema.

"Binamu wa mbali sana." Alicheka mpaka akashika geti. Halafu hakucheka tena. "Wallahi mimi sina shida naye. Kwetu tuko nao wanne. Lakini boss anakuja hapa jioni na familia yake, na atauliza nani alifungua geti. Mimi niko na miezi mitatu tu kwa hii kazi."

Nikafanya kitu ambacho binti yangu ameahidi kukisimulia huko ng'ambo. Niliokota kijiti, mimi na abaya yangu, nikachora mstari mchangani, nikaanza kumweleza: huku watu, kule mbwa, upepo unatoka huku, chombo chake anacho, atafungwa. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani. Kabla sijamaliza Halwa aliuvuka mstari akaenda kunusa kiatu cha mlinzi. Yule kijana aliinama akamkuna sikio lile linalosimama.

"Hiyo laini iko sawa kabisa, madam," alisema kwa upole. "Lakini boss hataki laini. Anataka mbwa asiwepo."

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza karne hii kwa maneno machache zaidi. Bibi yangu alikuwa na sheria ngumu kuliko za kambi zote nilizopigia simu, lakini sheria zake zilianza kwa kukubali kwamba mbwa yupo, na kwamba mwenye mbwa naye yupo, na wote wawili wana njaa. Siku hizi tuna meza za mbao na taa za jua na fomu ya kujaza, na yule fundi wa Darsait asingepata pa kukaa. Tungemwambia pole, ni sheria ya mahali. Angebaki mtaani siku ya Alhamisi, na sisi tungekula kuku wetu bila manyoya.

Nilimwomba mlinzi radhi kwa kumtia majaribuni. Alituonyesha njia ya kituo cha petroli ambako, alisema, hakuna atakayetuuliza kitu mpaka magharibi. Ndiko ulikonikuta mwanzo wa hadithi hii, na mkono wa kuazima. Mwisho niliuosha kwa sabuni mara saba, nikamwomba Mungu aipokee sabuni. Binti yangu aliniangalia nikihesabu.

"Twende nyumbani," alisema.

"Tumeshindwa?"

"Hapana. Twende na karavani."

Kando ya nyumba yetu Al Amerat kuna kiwanja kisichojengwa, kipande cha mchanga na mawe baina ya ukuta wangu na wa jirani. Tuliiegesha karavani hapo magharibi ikiingia. Ndugu yangu asisome hapa: iliguswa kidogo na ukuta. Jirani alitoka na kanzu yake ya kuendea msikitini.

"Kheri, jirani? Mmefukuzwa?"

"Tumepiga kambi."

Akaitazama nyumba yangu, akaitazama karavani, akamtazama Halwa. "Mmefika mbali," alisema. "Mfungeni tu huyo kamba, wanangu waoga." Akaenda zake kusali.

Tulilala humo. Asubuhi binti yangu aliwasha jiko dogo la karavani akachemsha chai ya maziwa na iliki. Tulipokwisha kumimina ndipo tulipogundua kwamba sukari tuliisahau. Dirisha la jiko langu lilikuwa pale pale, hatua ishirini hazifiki, na kopo la sukari likionekana juu ya rafu. Tulilitazama sote wawili.

"Niende?" aliniuliza.

"Tuko safarini," nikamwambia.

Tukainywa hivyo hivyo, tumekaa ngazini, mbwa kajilaza miguuni pake. Alinieleza mambo ambayo ndani ya nyumba hakuwahi kunieleza: kwamba anaogopa, kwamba nusu ya wiki alikuwa anaomba viza ikataliwe. Sikumpa nasaha. Nilimwongezea chai.

Jumatatu nilimpeleka uwanja wa ndege. Jumanne karavani ilirudi kwa ndugu yangu, ambaye kelele zake bado hazijatulia. Leo Alhamisi nimetoka na Halwa, kamba mkononi mwangu, maana sasa hakuna mwengine wa kuishika, nikakuta lori linarudi nyuma katika kile kiwanja. Mwenye ardhi anaanza kujenga. Walimwaga matofali pale pale tulipokaa, juu ya alama za magurudumu, na vumbi lake likaja mpaka mlangoni kwangu. Halwa aliyanusa moja moja, pole pole, akimtafuta mtu, nami nilisimama nikamngoja amalize.