Mate ya Cucu wa Kinoo

Nilipokuwa mtoto, kwetu hakuna mtu aliyesifu kitu kisha akanyamaza. Ukisema ua limechanua, sema mashallah. Ukisema wali umeiva vizuri, mashallah. Na mtoto mchanga ndiye hasa: kumsifu bila neno hilo ni kumtia jicho, na jicho, Mama akituambia, halina dawa ya dukani. Imani hiyo tulitoka nayo Mombasa tukaja nayo Nairobi pamoja na mbuzi ya kukunia nazi, na vyote viwili vilifanya kazi mtaani Jamhuri kama vilivyofanya kwetu Kibokoni.

Baba alikuwa karani mjini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na watu wa pwani pale mtaani tulikuwa wa kuhesabika. Tulipakana na Mama Wanjiru, Mkikuyu wa kanisani, ambaye binti yake Wanjiru alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Kwao nilijifunza Kikuyu cha kuombea chakula na Kikuyu cha kugombana, na vyote nilivijua barabara.

Mama alipojifungua Athmani, mkwe wa Mama Wanjiru, yaani mamake mumewe, alikuja kutoka Kinoo kumtazama mtoto. Tulimwita Cucu, nyanya kwa Kikuyu. Aliingia kwetu pamoja na Mama Wanjiru, ameleta uji wa wimbi ndani ya kibuyu, akaketi, akapewa mtoto. Athmani alikuwa amepakwa doa la wanja kwenye paji la uso, ili hasidi aone doa kabla ya kuona uzuri. Cucu akampima mikononi kama mtu anayekadiria gunia la viazi.

"Hii mtoto iko mzuri," akasema. "Iko nzito sana."

Mama akangoja. Nami nikangoja, maana nilijua ni neno gani linafuata. Cucu akainama, akamtemea mate kifuani.

Mama alimchukua mwanawe, akaingia ndani, na tukasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Cucu alibaki na mikono mitupu mapajani. Mama Wanjiru akanitazama mimi, mtoto wa darasa la tatu, kana kwamba nina jibu.

Jioni ile ile Athmani akashikwa na homa, akakataa ziwa. Mama hakutaka ushahidi mwingine.

"Kamsifu mwanangu asimtaje Mungu, kisha kamtemea mate," akamwambia Baba. "Mie hapa sikai. Tutafutie nyumba Pangani, kwa watu wetu."

Mtoto alipelekwa hospitali, akapewa dawa, homa ikashuka. Lakini neno la Pangani halikushuka. Mwanamke aliyetoka kujifungua habishani naye mtu, na Baba akaanza kuulizia nyumba huko, ng'ambo ya pili ya Nairobi. Mlango wetu ukafungwa kwa jirani. Wanjiru nami tukawa tunazungumza kupitia ua wa michongoma, na nililia, sisemi uongo, nililia kuliko Athmani na homa yake.

Ndipo Bibi, mamake Mama, akaja kwa gari la moshi kwa ajili ya arobaini ya mtoto. Alimpakata mjukuu wake, akamsomea Fatiha, kisha akampulizia kifuani. Bibi meno yalikuwa yamebaki machache, na pumzi yake haikutoka kavu. Niliona matone kwenye ngozi ya mtoto.

"Bibi," nikasema, "hata Cucu alifanya hivyo hivyo."

"Zubeda, nyamaza," Mama akasema.

"Mwache aseme."

Nikasema yote, pamoja na beseni na Pangani. Bibi hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu, ambalo nyumba nzima hatukuwa tumeliuliza: "Mlimuuliza mate yale ni ya nini?" Akamrudisha mtoto kwa Mama. "Basi aitwe. Mtu hahukumiwi yuko Kinoo."

Cucu alikuja, na hakuketi mpaka alipoombwa tena. Alisema kwa Kikuyu, Mama Wanjiru akafasiri, na palipomkwama nikadakia mimi. Siku ile nilijiona waziri.

"Anasema hivi," Mama Wanjiru akaeleza. "Kwetu ukiona mtoto mzuri umsifu tu hivyo, macho yako inaweza kumharibu. Lazima uteme mate, ndio hiyo sifa isimdhuru. Anasema kama angeenda bila kutema, hapo sasa mngemshuku."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Mwanangu," akamwambia Mama, "ulikuwa wangoja mashallah. Umepewa, ukaiosha."

Kisha Cucu naye akauliza juu ya lile doa jeusi. Kumbe alidhani ni la mganga, na siku ile ya mate alirudi hadi Kinoo akimwombea mtoto njia nzima. Mama aliposikia hayo alisogea karibu na Cucu. Halafu akamfungua Athmani shati, akamweka mikononi mwa Cucu. Pangani hatukuisikia tena.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, nimepokea watoto wa kila kabila, na nimeona wanawake wakinuniana wodini kwa mambo ya namna hii. Watu husema imani zetu ziko mbalimbali mno. Mimi nabisha. Siku ile Mama na Cucu waliogopa kitu kimoja, wakampenda mtoto mmoja, na nusura tuhame. Tangu hapo sioni haya kuuliza, hata nikionekana mjinga.

Mama hakuwahi kumwomba Cucu radhi kwa mdomo. Lakini nilipopata nafasi katika shule ya bweni, yeye mwenyewe alinipeleka Kinoo. Nilikuwa msichana mkubwa, naona aibu. Alinikunjua kiganja, akakishikilia mbele ya Cucu mpaka baraka ikatemwa. Tulipotoka aliniona natafuta pa kujifutia.

"Usinawe," akaniambia, "mpaka ufike shule."