Arobaini ya Nani?

Kitenge kipya kina harufu yake, nyie mnaijua. Kabla hakijalowekwa, kikiwa bado kigumu kama karatasi, kinanuka wanga na kama mafuta ya taa hivi kwa mbali. Mimi nikiisikia harufu hiyo pua yangu inakasirika kabla yangu mwenyewe. Juzi binti yangu Edita kaniletea sare ya Krismasi hapa Mpanda, kaitandaza kitandani kwa furaha: "Mama, mwaka huu akina mama wote tunavaa hii." Nikamwambia ikunje. Akadhani sijapenda rangi. Rangi ni nzuri, ina maua ya njano. Ugomvi wangu ni wa Desemba, siyo wa kitenge.

Ngoja niwaambie, na mnivumilie, maana mimi nikianza kusema napitia vichochoroni. Jina langu Skolastika, jina lenye shule nyingi kuliko mwenyewe. Niliishia darasa la tatu. Kusoma vizuri nimekuja kujifunza ukubwani, kwenye kisomo, nimekaa dawati moja na mwanamke aliyenizidi umri na aliyekuwa ananiibia majibu, na majibu yenyewe yalikuwa ya makosa. Lakini hayo siyo ninayotaka kusema.

Nataka kusema habari za mama.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikaa Mamba, kule Mpimbwe, kwenye mpunga. Mwanzoni mwa Desemba mama alijifungua mtoto wa kiume. Hakulia. Alikuwa na nywele nyingi, nilimwona mara moja tu, wamemfunika hadi kidevuni kama anayeona baridi. Wanawake watatu walimzika nyuma ya nyumba asubuhi ileile, wanaume hawakwenda, kwa desturi yetu mtoto ambaye hakulia ni msiba wa wanawake. Kisha mvua ikanyesha siku nzima. Maziwa yakaja kama kawaida, yenyewe hayakuwa yameambiwa. Mama alijifunga kanga kifuani kwa nguvu na bado kanga ililowa, akawa anakaa amegeukia ukuta ili tusione.

Mkunga wa zahanati alisema wazi, nilikuwepo: asishike mchi, asibebe ndoo, asiinamie jiko, damu yake bado. Na hata asingesema, kwetu mzazi anakaa siku arobaini. Anapikiwa uji, anachemshiwa maji ya kuoga, anakandwa. Mimi nilipozaliwa mama alikaa arobaini zake zote, wanasema alitoka ndani amenenepa mashavu mpaka baba akacheka.

Sasa akaja shangazi yangu Verediana kutoka Kasansa, dada mkubwa wa baba, aje kusimamia sikukuu. Huyo mama, Mungu amsamehe, maana mimi bado sijamaliza kumsamehe, alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akamkuta mama amelala. Akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Arobaini ni ya mtoto," akasema. "Mtoto hayupo. Sasa hii arobaini ya nani?"

Hakuna aliyemjibu. Baba alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Nilimwangalia. Akaendelea kuchonga. Watu wa Mamba waliomjua baba yangu watawaambia alikuwa mtu mzuri, hakupiga mtu, hakulewa. Ni kweli. Alikuwa mtu mzuri anayechonga mpini.

Mama akaamka siku ileile.

Na kulikuwa na sheria moja ya ukoo ule, sijui aliitunga nani: Krismasi nyumba haina mgonjwa wala mwenye msiba. Kuumwa siku hiyo ni kumkosea adabu mtoto Yesu. Mwaka mmoja nyuma nilishikwa na malaria siku hiyohiyo, wakanivalisha gauni jipya wakanipeleka kanisani nikacheze na watoto wenzangu, nikamtapikia katekista viatu. Vilikuwa vyeupe. Nikachapwa, malaria yangu ndani. Waliita hiyo imani.

Basi wiki yote mama alitwanga mpunga. Wageni walikuwa wanakuja kumi na kitu, na mchele wa sikukuu hautwangwi na mgeni. Nilikuwa napeta kwa ungo pembeni yake. Akitwanga mara tano anaegemea mchi, anavuta pumzi, anatwanga tena. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Peta, mwanangu."

Krismasi ikamkuta ana siku ishirini na moja. Alfajiri, majogoo wameshawika, aliniamsha kwa kunishika mguu. Kajifunga shuka, mkononi ana chupa ya uji na rozari.

"Skola, naenda kibandani, shambani. Nitasalia huko. Leo siwezi kusimama mbele za watu niimbe kwamba mtoto amezaliwa. Nitaangua kilio, na shangazi yako atanitukana. Usimwambie mtu. Jioni narudi."

Nikasema sawa. Nikamwona anapita juu ya tuta la jaruba la mpunga polepole, mguu mmoja, unatulia, mguu mwingine.

Sasa sikilizeni nilivyolelewa. Shangazi alikuwa ametufundisha sisi watoto kwamba anayeikosa Krismasi kwa kusudi, mwaka mzima analelewa na shetani. Mimi niliamini kama ninavyoamini jua. Nilikaa kwenye mkeka wa watoto mbele ya kigango, kikanisa chetu, nimevaa gauni la kitenge jipya linanuka, kwaya inaimba, ngoma zinapigwa, watu wanapiga vigelegele kwa ajili ya mtoto, na mimi naangalia njia ya shambani. Namwona mama yangu kule kibandani na shetani amekaa karibu yake anamkorogea uji. Msicheke. Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda mama yangu.

Ibada ilipokwisha shangazi akanishika sikio. "Mama yako yuko wapi? Nyumba haina moto."

Nikasema sijui. Akalivuta.

"Yuko kibandani," nikasema. "Anasali." Hilo neno la pili niliongeza ili kumsaidia. Shangazi alisikia la kwanza tu.

Njia za kule zilikuwa zimejaa maji, yeye mgeni hakujua pa kukanyaga. Nikawaongoza, yeye na wanawake wawili. Nilitangulia mbele natembea haraka, nimefurahi, tunakwenda kumwokoa mama.

Tulimkuta amelala ubavu juu ya mabua makavu, rozari imezunguka vidole. Uji alikuwa ameumaliza. Uso wake ulikuwa umetulia, sikuwa nimeuona hivyo tangu mtoto azikwe.

"Wifi!" shangazi akasema. "Kumbe umejichimbia huku kama fuko? Wageni wa kaka yangu wanatazamana na njaa!"

Mama akainuka kwa kiwiko. "Wifi, bado natoka damu."

"Nani asiyetoka damu? Wewe ndo wa kwanza kuzaa duniani? Twende, sura yenyewe uifute, usituharibie sikukuu."

Mama akaniangalia. Siyo kwa hasira, na siyo kwa muda mrefu. Kisha akatafuta kandambili zake.

Alipika. Sufuria kubwa ya wali juu ya mafiga matatu, nyama ya mbuzi pembeni, moshi, yeye ameinama. Wanaume wamekaa chini ya turubai wanasimuliana habari za trekta. Mimi nachota maji. Mara nikamwona anakaa chini taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kuchambua mchele, halafu akalala pale kwenye majivu. Kitenge cha sikukuu walichomvalisha kikawa kinabadilika rangi kuanzia chini.

Nikapiga kelele. Shangazi akaja, akaangalia, akasema, "Anadeka." Mwingine, sitamtaja, wajukuu wake bado wapo, akasema, "Mvuteni kivulini, tupakue kwanza, wanaume wamengoja."

Na walipakua, jamani. Mama yangu amelala kwenye damu yake, sahani zinapita juu yake.

Jirani yetu alikuwa Mama Minza, Msukuma, walihamia na ng'ombe zao miaka michache nyuma. Kanisani hakuwa anaingia, na shangazi alimwita mpagani hata akiwa anakunywa maziwa yake. Alifika na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya wageni wetu. Akatupa kibuyu.

"Nyie watu! Huyu anakufa, nyie mnatafuna?"

Akamwita mume wake kwa Kisukuma, sikuelewa neno ila nilielewa haraka yake. Wakafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza mama juu ya majani, Mama Minza mwenyewe ameshikilia kichwa chake mapajani. Tulipofika kwenye njia kubwa baba akatokea nyuma anakimbia kwenye matope, mikono bado inang'aa mafuta ya mbuzi. Hilo nampa, alikimbia. Lakini alikimbia ameshakula.

Zahanati walishindwa, akapakiwa kwenye lori la mahindi mpaka Mpanda hospitali. Alirudi mvua zinaisha, amekonda, shingo kama ya mtoto wa bata. Hakuzaa tena. Na Jumapili ya kwanza shangazi alisimama kanisani akashuhudia jinsi maombi yake yalivyomponya wifi yake. Watu wakapiga makofi. Ng'ombe wa Mama Minza hawakutajwa.

Mimi sijaacha kanisa, msinielewe vibaya. Nasali, Krismasi naipenda, nyama nakula na meno haya machache. Nakasirikia watu waliomchukua Mungu wakamfanya msimamizi wa jikoni. Maana kusoma kwangu huku kwa kuchelewa kumenisaidia kitu kimoja. Nimesoma habari ya zizi lile mara nyingi, kidole chini ya kila neno. Wachungaji walifika, walimwona mtoto, walifurahi, wakaondoka. Sijaona popote pameandikwa kwamba walimuuliza Maria chakula kiko wapi. Na yule mtoto alipokua, watu wakimzidi, alikuwa anawaacha hukohuko na njaa zao na magonjwa yao anapanda mlimani kusali peke yake. Hakuna shangazi aliyemfuata kumvuta sikio. Mama yangu siku ile alikuwa kanisani kuliko sisi wote tuliokuwa kwenye mkeka. Sisi ndio tuliomtoa ibadani.

Kwa hiyo nyie mnaoshona sare, angalieni mwezi huu nani kati yenu anacheka huku anashikilia ukuta. Mwambieni alale. Mkose pilau mwaka mmoja, hamtakufa.

Mama alipozeeka nilimwomba msamaha. Nilizunguka sana kabla ya kufika, kama ninavyowazungusha nyie. Alikuwa anaota jua, macho yameanza ukungu. Akaniuliza, "Msamaha wa nini, Skola?" Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau kweli, au alikuwa ananihurumia kwa mara ya pili.

Shangazi aliuliza arobaini ni ya nani, na watu wazima wote wakanyamaza. Nilichelewa sana kulijua jibu. Siku zile arobaini zilikuwa za mama. Alikuwa amenyang'anywa nyingi, akaamua kuificha siku moja tu, akamwambia mtu mmoja tu mahali alipoificha. Na mimi niliwapeleka mpaka mlangoni, natembea haraka.