Nchi Isiyo na Watani

Nina duka la uzi, zipu na vifungo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na kibarazani pangu anashonea Swaumu binti Mwinyimvua, Mzaramo wa Magomeni, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wateja wanamjua kwa magauni. Sisi wa kibarazani tunamjua kwa nchi yake.

Ndiyo, nchi. Ameitunga mwenyewe, na usidhani ni mambo ya sungura na fisi. Inaitwa Orofa Saba. Huko dunia ni jengo moja refu, na kila orofa ina jua lake. Watu wa Juu wanamiliki mvua, wanaifungulia kwa bomba wakijisikia. Watu wa Chini wanamiliki vivuli, na huko asiye na kivuli hapati usingizi. Wote wanatawaliwa na Baraza la Mashangazi, kwa sababu Swaumu anasema hajaona bado ukoo ambao shangazi hatawali, basi afadhali wapewe viti kabisa. Uchawi upo, ila si wa bure. Kila ukiroga, ulimi wako unasahau ladha moja. Mchawi mkubwa kuliko wote anakula biriani kama anayetafuna karatasi.

Mimi ni Winifrida, Mchaga wa Kibosho. Nilikuja mjini kufanya biashara, si kusikiliza ndoto za watu, na wiki ya kwanza nilimwambia hivyo waziwazi. Wiki ya pili nilimfokea mteja aliyemkatiza.

Alikuwa anaichora nchi yake kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia. Mteja akileta kitambaa, orofa mbili zinafutika, na mimi roho inaniuma.

"Si ungechora ukutani?" nilimwambia.

"Ukuta wako umejaa zipu, da Wini."

Jioni akirudi kwao alimsimulia baba yake, Mzee Mwinyimvua, kisha ndipo akaandika kwenye simu. Alikuwa anataka kitabu, na mimi nilikitaka kuliko yeye.

Kisha vikaja vita huko Orofa Saba. Shangazi Mkuu aliuawa. Alizaliwa Chini, akatawalia Juu, kwa hiyo pande zote zikadai maiti ni yao, na hakuna aliyekubali mwenzake azike. Swaumu alipowafikisha hapo alikwama. Alijaribu mkataba, wakauchana. Alijaribu ndoa, ndoa ikaongeza maiti. Akawatumia mtume mwenye bendera nyeupe, wakamchinja na bendera wakaifanya kitambaa cha meza. Miezi inapita, Shangazi Mkuu hajazikwa.

"Swaumu, maiti itaoza hiyo," alisema Ansbert, anayepiga pasi pembeni yetu.

"Haiozi. Nimeiroga."

"Basi tutaoza sisi tunaosubiri."

Tukacheka, lakini yeye hakucheka. Siku hiyo alisema atafuta kila kitu kwenye simu, kwamba watu wake hawataki amani na yeye hawezi kuwalazimisha. Nilikasirika kweli. Nilimwambia akifuta atafute kibaraza kingine. Aliyemzuia hasa ni baba yake. Kila jioni Mzee alikuwa na swali lile lile.

"Wameshamzika?"

"Bado, baba."

"Haya, leta chai."

Mzee Mwinyimvua akafariki hajajibiwa. Nilifika Magomeni asubuhi, nikamkuta Swaumu amekaa mkekani kati ya wanawake, macho makavu, shingo imekakamaa. Niliposhika mkono wake alisema neno moja tu: "Nafuta." Sikubishana naye. Msibani hapabishaniwi.

Maiti ilikwisha kuoshwa na kuvikwa sanda. Wanaume walikuwa wamejipanga nje chini ya turubai wakisubiri jeneza litoke. Ndipo akaingia Mama Sitara. Huyu ni jirani yao, Mnyamwezi wa Tabora, mama mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Alikuwa amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu kichwani, bakora ya marehemu mkononi, na amejifunga mto tumboni kwa ajili ya kile kitambi cha Mzee. Alitembea kama yeye hasa, mguu mmoja ukikokota.

"Swaumu! Chai yangu iko wapi?" Akapokea kikombe cha hewa, akanywa, akatema. "Haina tangawizi hii! Mnataka kuniua mara ya pili?"

Mwanamke mmoja alikohoa kicheko. Mwingine akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Wanaume walipoingia kuinua jeneza, Mama Sitara akaenda kujilaza mlangoni, kutoka mwimo mpaka mwimo.

"Hatoki mtu! Huyu mtumwa wangu, nani kawaambia nimemwacha huru?"

"Mama, tunakuomba, jua linapanda," walisema wafiwa.

"Ombeni vizuri. Wazaramo hamjui hata kuomba, mnajua ngoma tu!"

Hakuna aliyekasirika. Haruhusiwi mtu kukasirika. Mtani akiudhi msibani, ukimnunia wewe ndiye mwenye kosa. Sisi Wachaga tunawajua wetu, Wapare, kwa hiyo nilielewa. Walimletea kuku, akamkataa kwamba amekonda kama mkwe wao. Wakaongeza kanga. Akainuka polepole, akajikung'uta, akawapisha. Mzee akatoka.

Hapo Swaumu alipasuka. Kicheko kwanza, kisha kilio, kisha vyote pamoja na kamasi juu. Nikashukuru Mungu, maana ile shingo ilikuwa inanitisha. Mara akanikamata mkono kwa nguvu.

"Da Wini, sikuwapa watani."

"Kina nani?"

"Watu wangu. Niliwapa mvua, nikawapa vivuli, nikawapa majua na Baraza. Nani kwao anaweza kuingia kwa adui akalala mlangoni asiguswe? Hakuna! Ndiyo maana hawazikani."

Nilidhani msiba umempanda kichwani. Kisha nikaelewa, na nikataka kumzaba kibao. Mzaramo mzima, amelelewa mikononi mwa watani, katunga dunia mpaka bomba la mvua, kasahau kitu ambacho kwao kipo kila mahali kama chumvi. Lakini nani anakumbuka chumvi mpaka chakula kimshinde?

Alirudi kazini baada ya siku chache, akaomba chaki kabla ya kuomba uzi. Safari hii mteja alipoleta kitambaa nilimwambia asubiri. Swaumu alimtunga muuza vivuli mmoja wa Chini, akampandisha orofa zote bila silaha, amevaa joho la Shangazi Mkuu na kuiga mwendo wake, mpaka katikati ya kambi ya Juu. Panga zikainuliwa. Akawauliza mbona chai haina sukari. Askari mmoja akacheka, na aliyecheka hawezi kukata. Uchawi huo ndio pekee Orofa Saba ambao haumnyang'anyi mtu ladha. Shangazi Mkuu akazikwa, pande zote zikiwa zimeshika jeneza. Ansbert aliunguza shati la mtu akisikiliza.

Lakini Swaumu alisema sura hiyo haijaisha mpaka aisikie mwenyewe, Mama Sitara. Tukaenda Magomeni na kilo ya sukari.

"Shikamoo, Mama Sitara."

"Sitaki shikamoo ya Mzaramo. Kaeni."

Swaumu alisoma kwenye simu. Mama Sitara alisikiliza amenuna, kama anayesomewa mashitaka. Mwishoni, baada ya maziko, yule muuza vivuli anakwenda nyuma ya hema peke yake, joho la marehemu lingali mwilini, na analia.

"Uongo huo," alisema Mama Sitara. "Mtani halii."

"Nilikuona," alisema Swaumu. "Walipokwisha kuondoka na baba. Nyuma ya nyumba, umeegemea ukuta, na mto bado umeufunga tumboni."

Mimi nilitazama sakafu. Mama Sitara alivuta kanga yake, akaikunja ncha, akaikunjua. Miaka arobaini alikuwa anamtukana yule mzee kila asubuhi mlangoni kwake, na sasa mlango ule haujibu.

"Soma tena," alisema. "Hapo anapolia."