Kisanduku cha Kumsemea Mama

Jirani yangu ni fundi redio. Mtaani wanamwita Waya, na mimi pia humwita hivyo, ingawa nimemjua tangu anavaa kaptula. Yeye huniita mama mdogo, kwa sababu mama yake na mimi tumeishi kama mtu na ndugu yake, nyumba zetu zimeegemeana ukuta mmoja. Ni mrefu, mpole, na mabega yameinama kwa kukaa miaka mingi juu ya meza ya kazi. Ukimwuliza habari anajibu baada ya kufikiri, kana kwamba umempa kitu cha kutengeneza.

Karakana yake ni chumba cha mbele. Mama yake, ambaye wote tunamwita Bi Mkubwa, analala chumba cha nyuma, na kati yao kuna korido yenye ndoo, baiskeli mbovu na makasha ya redio za watu. Bi Mkubwa alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala na maneno yakamkimbia. Akili iko palepale, macho yanasoma vizuri, mkono wa kushoto una nguvu. Lakini mdomoni inatoka sauti moja tu, "aaa", akifurahi ni hiyo, akiumia ni hiyo.

Siku moja mchana aliteleza kitandani akaanguka sakafuni. Mimi sikuwepo. Waya alikuwa mbele anajaribu spika ya mteja, muziki umejaa nyumba, hakusikia kitu. Aliyemkuta mama chini, shavu kwenye sakafu, ni dada yake Waya, ambaye alikuja kuwasalimu tu. Huyo dada ni mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti kubwa na mikono ya kunyanyua sufuria nzito. Alimnyanyua mama peke yake, akamfuta uso, akampangusa machozi, halafu akaenda mbele akazima ile spika kwa mkono wake.

"Mdogo wangu," akamwambia, "nakupenda, Mungu anajua. Lakini mama si redio. Redio ikizima unaiweka pembeni mpaka kesho."

Waya akaweka mezani bisibisi aliyokuwa ameishika.

"Kwangu kuna wanangu wasichana watatu, hakuna saa nyumba iko tupu. Nampeleka kwangu."

"Dada, mama hajawahi kukaa nje ya nyumba hii."

"Hajawahi pia kulala sakafuni."

Mwishowe walikubaliana hivi: angerudi Jumamosi. Akikuta mama ana njia ya kumwita mwanawe na kusema anachotaka, basi abaki. Asipokuwa nayo, anaondoka naye siku hiyohiyo.

Tangu hapo Waya hakuwa na raha. Aliacha redio za watu zikae foleni. Alichukua kisanduku cha plastiki, akakitoboa dirisha dogo la skrini, na chini yake akapanga vitufe vinne: cha juu, cha chini, cha kukubali na cha kurudi. Ndani kuna chipu, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na yeye ndiye anaiandikia programu kwenye kompyuta kisha anaipitishia kwa waya. Alinieleza mara nyingi. Nilichoshika ni kwamba chipu ni kama mtoto mtiifu asiye na akili yake, inafanya ulichosema na si ulichomaanisha. Mama akichagua neno, kengele inalia karakana, na neno lilelile linatokea kwenye skrini nyingine mezani kwa Waya.

Skrini yenyewe ni finyu. Maneno marefu yanakatika mkia. Aliandika "Nahitaji kwenda chooni" ikatoka "Nahitaji kwenda c", tukacheka mpaka nikashika ubavu. Akaweka "Choo" peke yake.

"Wewe," nikamwambia, "mama yako mtu mzima umwekee 'Choo' usoni namna hiyo?"

"Sasa niandike nini, mama mdogo?"

"Andika Msalani. Ana heshima zake."

Akaandika Msalani. Yakawepo na Maji, Njaa, Baridi, Naumwa, Njoo. Mengine yalimpa shida kidogo, lakini ukurasa wa kwanza ndio uliomla muda. Huo ndio unaotokea kisanduku kinapoamka, kabla ya menyu. Aliupangua na kuupanga, mara maandishi yamekaa kushoto, mara yameshuka. Nilimwuliza kwa nini asiuache, maneno ya kazi yaanze moja kwa moja.

"Mama hawezi kupokea amri kwa kitu ambacho hakijamsalimu," akasema.

Nikaona ana haki. Basi skrini ikiwaka inaandika: Shikamoo Mama. Ukibonyeza kitufe chochote, menyu inafunguka. Asipobonyeza mtu, inazima baada ya muda mfupi kulinda betri. Waya alikijaribu mwenyewe, mimi nikajaribu, kikaitika kila mara. Mama hatukumpa kwanza, maana waya za ndani zilikuwa bado hazijashikwa vizuri kwa risasi ya kuchomelea, na Waya aliogopa zisije zikamwachia mkononi. Alizimalizia Ijumaa.

Jumamosi dada mtu akaja na gari la kukodi, na dereva akaambiwa asubiri nje. Alikuja amejiandaa.

Tukaingia chumba cha nyuma wote. Waya akamwekea mama kisanduku mapajani, akamweleza taratibu, huku jasho linamtoka puani. "Mama, hivi ni vya kupanda na kushuka. Hiki cha kijani ni kukubali. Ukitaka maji, unatafuta Maji." Bi Mkubwa akatikisa kichwa, ameelewa. Waya akakiamsha.

Shikamoo Mama, skrini ikasema.

Bi Mkubwa akakitazama. Hakubonyeza. Shingo ikakaza, midomo ikaanza kuhangaika. "Aaa," akasema. "Aaa." Skrini ikazima.

Waya akakiamsha tena. Shikamoo Mama. "Aaa," Bi Mkubwa akasema, na safari hii mshipa wa shingo ukasimama. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa lakini hakikushuka. Skrini ikazima.

"Bonyeza tu, mama," Waya akasema kwa sauti ndogo. "Chochote. Bonyeza tu."

Mama akamkata jicho, lile la zamani, la kumkanya mtoto mbele ya wageni. Kikaamshwa mara ya tatu. Aaa. Giza. Sasa machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi nilikuwa naomba kimyakimya, na niseme kweli, niliomba nikiwa na upande: Bwana, aweze, ili abaki karibu nami.

Waya akakaa chini sakafuni. "Hawezi," akasema. "Dada, nimeshindwa. Mwite dereva."

Lakini dada mtu alikuwa haangalii kisanduku, alikuwa anaangalia mdomo wa mama. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Anaitikia."

"Anaitikia nini?"

"Si umemwamkia? Shikamoo mama, shikamoo mama, mara tatu! Huyu mama yetu ndiye wa kuamkiwa akaendelea na mambo yake kama hajasikia? Alituchapa kwa hilo!" Akageuka. "Mama, unaitikia?"

Bi Mkubwa akashusha pumzi yote, akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Waya aliinuka mbio, akajikwaa kwenye ile baiskeli mbovu. Tulimfuata karakana, na kisanduku tukakibeba kama yai. Akakichomeka kwenye kompyuta akaanza kuandika. Kwa haraka akasahau alama moja ndogo, kompyuta ikamkatalia. Akaandika tena, ikamkatalia tena.

"Inasemaje?" dada akauliza.

"Inasema nimekosea mstari ambao sijakosea."

"Basi umekosea wa juu yake. Mimi wali ukiungua huwa sigombani na wali."

Waya akatazama mstari wa juu. Kosa lilikuwa hapo. Nje dereva akapiga honi, dada akatoka nusu mwili mlangoni: "Wewe baba, ukipiga tena unarudi mtupu!"

Tukarudi nyuma. Skrini ikawaka: Shikamoo Mama. Na chini yake, kishale kikiwa kimelielekea, neno moja: Marahaba.

Bi Mkubwa alilisoma. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kijani akabonyeza kwa nguvu ya mtu anayefunga begi lililojaa. Kule karakana kengele ikalia. Menyu ikafunguka, na yeye, bila kuelekezwa na mtu, akashuka, akapita Maji, akapita Njaa, akasimama penye Msalani, akabonyeza.

Basi kukawa na pilikapilika za kumpeleka, sote tunacheka na kulia. Aliporudi kitandani uso wake ulikuwa umenyooka kwa namna ambayo sijaiona tangu augue. Waya alikuwa anatabasamu kwa kujificha. Dada akakaa ukingoni mwa kitanda, akapapasa foronya.

"Umefanya kazi, mdogo wangu. Nimekubali. Sasa muulize."

"Nimuulize nini?"

"Kama anataka kubaki au kwenda. Wewe na mimi tumegawana mama wa watu kama vile hayupo chumbani."

Tabasamu likamwondoka. "Swali hilo halimo."

"Liweke. Si umeweka Marahaba sasa hivi?"

"Tulikubaliana, dada. Akiweza, anabaki."

"Tulikubaliana sisi."

Waya alinitazama mimi. Nilitamani nimsaidie, lakini Bi Mkubwa naye alikuwa ananitazama, na nikainamisha macho. Akaenda kuandika. Aliporudi, skrini ilikuwa na maneno mawili, Nibaki juu, Niende chini, na kishale kimetulia kwenye Nibaki.

Dada mtu hajui kompyuta, ila amesimamia foleni za watoto wenye njaa miaka yote. "Mbona kishale kimelala kwako?"

"Lazima kianzie mahali."

"Kianzie pasipo na mtu."

"Dada, chipu haiwezi kuelekeza kusikokuwa na kitu."

"Ipe kitu kisicho na kitu. Usiniambie huwezi, nakujua ukidanganya, unakuna sikio."

Kweli alikuwa anakuna sikio. Akaenda tena. Safari hii alichelewa, na mimi nilijua si kazi inayomchelewesha. Alirudi na mistari mitatu: Nibaki juu, Niende chini, na katikati mstari mtupu, kishale kimekaa hapo. Ukikubali juu ya mtupu, hakuna kinachotokea. Akaweka kisanduku mapajani mwa mama, akasogea nyuma mpaka ukutani, mikono nyuma.

Nilisikia saa ya ukutani.

Bi Mkubwa alibonyeza cha juu. Kishale kikapanda Nibaki. Akaliangalia neno hilo muda mrefu. Nikaanza kushukuru. Kisha akabonyeza cha chini, kishale kikarudi mtupu. Akamtazama mwanawe, yale mabega, zile nguo zilizomlegea. Akabonyeza cha chini tena. Niende. Kitufe cha kijani.

Kengele ikalia karakana, ingawa sote tulikuwa chumbani.

"Nakwenda kuizima," Waya akasema, akatoka. Kengele ikanyamaza. Hakurudi. Dada mtu, ambaye alikuwa amepata alichokuja kukitaka, hakuinuka wala hakumwita dereva. Alishika kichwa.

Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa na kazi. Alibonyeza cha kurudi, akaingia kwenye menyu, akashuka polepole akisoma kila neno, akafika mwisho, akapanda tena. Alikuwa anatafuta neno, na neno hilo halikuwemo. Mwishowe akasimama penye Njoo.

Kengele ikalia. Waya akatokea mlangoni, macho mekundu.

"Naam, mama."

Mama akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto: hapa. Waya akakaa. Mama akamshika kisogo akakivuta begani kwake, lile jitu zima, akalipapasa kichwa. "Aaa," akamwambia. "Aaa." Hapakuwa na haja ya skrini.

Tulifunga nguo zake pamoja. Waya alitafuta waya mrefu, ule mrefu kuliko zote alizokuwa nazo, akamweleza dada yake namna ya kuupitisha juu ya mlango mpaka jikoni kwake, ili kengele na skrini yake vikae karibu na majiko. Akampa betri za akiba na kumwonyesha zinavyokaa. Dada akajaribu vitufe.

"Usibonyeze kwa kucha," Waya akamwambia. "Tumia nyama ya kidole."

"Sawa, bosi."

Walipokuwa wanamwingiza mama garini, Waya akakumbuka kitu. "Lile swali bado limo ndani. Nilete kompyuta nilifute?"

Dada akamtazama mama, kisha akamtazama yeye.

"Liache," akasema. "Siku akichoka na makelele yetu, atabonyeza. Na wewe simu yako isizimwe."

Waya akafunga mlango wa gari taratibu, akaujaribu kama umeshika, akabaki ameweka mkono pale mpaka gari lilipoanza kutembea.