Mbao Nilizong'oa Ndani ya Tangi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo bado inanichosha kila ninapoikumbuka. Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiendesha trekta kwenye shamba la mzungu huko Mau Narok. Nilivuta trela yenye tangi la maji ya ng'ombe.

Ndani ya tangi hilo fundi wetu, Mzee Wafula, alikuwa amepigilia mbao tatu zenye matundu. Mimi niliziona usumbufu tu. Nikiingia kusugua tope zilinikwaruza mgongo. Basi Jumamosi moja nikazing'oa zote, bila kumuuliza mtu.

Jumatatu nikashuka mteremko, tangi likiwa na maji nusu. Rafiki yangu Cheruiyot, mchunga ng'ombe, alikuwa amepanda trela, amekaa upande wa mbele. Ng'ombe wake, aliowaacha wakila kando ya barabara, wakakatiza njia. Nikakanyaga breki. Trekta ikasimama, lakini maji hayakusimama. Yalipiga mbele kwa kishindo, yakarudi nyuma, yakaja tena, trela ikaenda upande na kupinduka. Mguu wa Cheruiyot ukabaki chini yake.

Tulimtoa akiwa hai, lakini mguu ule haukunyooka tena, na kazi ya kuchunga ikamwisha.

Mzee Wafula hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alijaza karai maji, akalisukuma. Maji yakaenda na kurudi, yakaenda na kurudi. Kisha akasimamisha ubao mmoja wenye matundu katikati ya karai, akasukuma tena. Mara mbili tatu, yakatulia.

"Maji hayana breki," akasema. "Ukisimama, yenyewe bado yanakwenda. Kila yakipita kwenye tundu yanaacha nguvu kidogo. Ulidhani mbao zile niliziweka kwa ajili ya urembo?"

"Sikujua, mzee."

"Hukuuliza."

Nilikaa siku nne kabla ya kwenda hospitali ya Nakuru alikolazwa. Nilimkuta Cheruiyot ameutazama ukuta. Nikamwambia yote: mbao, Jumamosi, uvivu wangu.

"Kumbe," akasema. "Siku zote hizi nimekuwa nikijilaumu kwa sababu ya ng'ombe wangu."

Hilo, mwanangu, ndilo limenilemea kuliko mguu wenyewe. Siku nne nilimwacha mgonjwa abebe kosa langu.

Sasa nimezeeka na maneno yangu ni machache. Ukikuta kitu kimewekwa na waliokutangulia, na kinakukera, muulize aliyekiweka kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maana ukikaa kimya kuna mtu mahali fulani anajilaumu bure. Hasira na hofu zikikupiga, usitake zikome papo hapo. Zipe muda zipungue, na usimsukume mtu wakati bado zinakwenda na kurudi ndani yako.

Mungu akupe mikono ya upole na moyo mwepesi wa kukiri. Na watakaopanda chombo unachokiendesha washuke wote kwa miguu yao. Nenda salama, mwanangu.